Midundo ya Ubongo na Kumbukumbu Tendaji: Haja ya Istilahi Zisizopotosha

Chembe za neva zilizomo ubongoni hutoa umeme hafifu. Nyingi zitendapo kazi kwa pamoja, umeme huo hupanda na kushuka kwa vipindi. Daktari Hans Berger wa Jena, Ujerumani, aliunasa kichwani mwa binadamu mwaka 1924, akatangaza matokeo yake mwaka 1929. Wengi huita jambo hili "mawimbi ya ubongo". Jina hilo lafaa kwa mchoro unaotolewa na mashine. Lakini kinachopambanua aina moja na nyingine ni wingi wa marudio: alfa hurudia mara 8 hadi 13 kwa sekunde, gama zaidi ya mara 30. Kwa hiyo, panapozungumzwa marudio, twapendelea "mdundo", neno ambalo ngoma zimekwisha kulifundisha.

Dhana ya pili ni ile ya kumbukumbu inayoshikilia jambo kwa muda mfupi huku akili ikilitumia, kama ilivyoelezwa na Baddeley na Hitch nchini Uingereza mwaka 1974. "Kumbukumbu ya muda mfupi" hutaja kuhifadhi tu, na "kumbukumbu ya kazi" ofisini yaweza kudhaniwa kuwa jalada. "Kumbukumbu tendaji" yaelekea kufaa zaidi.

Je, dhana hizi mbili zahusianaje? Tazama gari jekundu na basi jeupe, kisha fumba macho. Rangi na umbo hushughulikiwa na sehemu mbalimbali za ubongo, lakini kwa kawaida hukumbuki gari jeupe na basi jekundu. Mwaka 1989 Charles Gray, Wolf Singer na wenzao walionyesha kwamba, katika ubongo wa paka, chembe zilizo mbalimbali zinazoitikia kitu kimoja huweza kupiga kwa pamoja, kiasi cha mara 40 kwa sekunde. Hapo ndipo lilipopata nguvu wazo kwamba mdundo wa pamoja huunganisha sifa za kitu, hata katika kumbukumbu. Hata hivyo, wataalamu wangali wakijadiliana kama mdundo huo ndio unaounganisha, au unaandamana tu na kazi hiyo.

Kwa sababu hiyo hatuungi mkono istilahi kama "mdundo unganishi". Tuseme "mdundo wa gama" kwa jambo linalopimwa, na "uunganishaji wa sifa" kwa kazi inayotafutiwa maelezo. Istilahi ikitangulia uthibitisho, mwanafunzi hupokea nadharia akidhani ni kanuni, na kumwondolea dhana hiyo baadaye ni kazi ngumu.