Kaharabu yafichua jinsi sisimizi alivyotokana na nyigu

NYIGU anayejenga kiota chini ya paa la mabati mtaani Kabiria, Nairobi, na sisimizi anayenyemelea sukari jikoni ni wa ukoo mmoja. Ithibati imehifadhiwa ndani ya kaharabu, yaani utomvu wa miti wa kale uliogeuka mgumu kama jiwe.

Mnamo 1967, wataalamu wa Marekani E. O. Wilson, F. M. Carpenter na W. L. Brown walieleza mdudu aliyepatikana katika kaharabu ya New Jersey yenye umri wa takriban miaka milioni 90. Walimwita Sphecomyrma, jina la Kigiriki lenye maana ya nyigu-sisimizi. Alikuwa na kiuno cha sisimizi, lakini taya zake zilikuwa fupi kama za nyigu.

Sandarusi ya pwani ya Afrika Mashariki, iliyouzwa ng'ambo kupitia Zanzibar katika karne ya 19 kutengenezea vanishi, pia hunasa wadudu. Hata hivyo, ingali changa mno kusimulia asili hiyo. Mnunuzi asihadaike: tone la spiriti huifanya sandarusi inate, ilhali kaharabu halisi hubaki kavu.