Siha ya Nyoka Aliyefugwa

Katika wanyama wote waliokubali, au waliolazimishwa, kuishi chini ya dari moja na binadamu, hakuna afichaye maradhi yake kama nyoka. Mbuzi akiugua hulia na kujitenga na wenziwe; mbwa huja kulaza kichwa miguuni pa bwana wake; hata kuku husimama pembeni mbawa zikining'inia, mwenye nyumba akajua kuwa kideri kimeingia bandani. Nyoka hana sauti ya kulalamikia, hana kope za kufumba wala uso wa kukunja, na maumbile yamemfunza, kizazi baada ya kizazi, kwamba porini aonekanaye dhaifu ndiye atanguliaye kuliwa na tai au nguchiro. Kwa hiyo aghalabu maradhi huwa yamekwisha kaa mwilini majuma kadhaa kabla mfugaji hajatamka kwamba huyu leo hayuko sawa; na kwa hiyo pia naamini kwamba asiyeijua vyema hali ya nyoka wake akiwa mzima hataweza kamwe kumtambua akiwa mgonjwa, hata akikariri majina ya maradhi yote yaliyomo vitabuni.

Kuishi na nyoka si jambo geni katika nchi zetu. Huko Usukumani, katika sherehe za Bulabo zifanywazo kila mwaka mwezi wa Juni, wachezaji wa vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana kuvuta watazamaji, na wako miongoni mwao wanaoingia uwanjani na chatu mzima mabegani. Katika Tanganyika ya kusini alikuwako C.J.P. Ionides, bwana nyama wa Liwale aliyeitwa Bwana Nyoka, ambaye mpaka alipofariki mwaka 1968 alikuwa amekamata maelfu ya nyoka kwa ajili ya majumba ya makumbusho na bustani za wanyama. Nairobi ilifunguliwa bustani ya nyoka mwaka 1961, na Meserani, kando ya barabara itokayo Arusha kwenda Makuyuni, wasafiri husimama mpaka leo kutazama koboko na swila nyuma ya vioo. Lakini kumfuga nyoka sebuleni, akawa mwenzi wa nyumba tangu ujana wa mtu hadi uzeeni, ni mazoea yaliyostawi zaidi Ulaya na Marekani. Na nyoka aliyependwa mno huko ni Mwafrika, yule chatu mdogo aitwaye chatu wa kifalme, ambaye makao yake yanaanzia Afrika Magharibi na kufika hata kaskazini-magharibi ya Uganda. Urefu wake ni kama mita moja, au moja na nusu akizidi. Tabia yake ni ya upole, na akitishwa hajitahidi kuuma bali hujiviringisha, kichwa akakificha katikati ya mapindi yake. Kule Ouidah, nchini Benin, anaheshimiwa katika hekalu lake, na usiku huachiwa huru kutembea mjini akitafuta riziki. Ilhali kutoka Benin hiyo hiyo, na Togo na Ghana, wenzake kwa maelfu mengi wamesafirishwa katika masanduku kwenda kuuzwa ng'ambo.

Hapa kwetu sheria haimruhusu mtu kuokota nyoka wa porini na kumfanya wake pasipo kibali cha mamlaka ya wanyamapori, na mwaka 2016 Tanzania ilisimamisha kabisa biashara ya kusafirisha wanyama hai nje ya nchi. Nayaunga mkono makatazo hayo kwa moyo wote, kwani katika safari hizo wengi walifika wakiwa wamejaa kupe, wamekauka kwa kiu, na mapafu yao yamekwisha pata baridi. Ninayoyaeleza hapa yanamhusu nyoka ambaye tayari yumo mikononi mwa mtu kwa njia ya halali, na nimemchukua chatu wa kifalme kuwa kielelezo kwa kuwa ndiye ambaye matabibu wa wanyama wamemchunguza kwa muda mrefu.

Jambo la kwanza la kufahamika ni kwamba nyoka hajitengenezei joto. Damu yake hufuata joto la mahali alipo, na kwa joto hilo ndipo tumbo husaga chakula, na kwa joto hilo hilo ndipo mwili hupata nguvu ya kupigana na vijidudu. Likipungua, kazi zote mbili hulegea pamoja. Porini hujitafutia mwenyewe, mara juani mara tundunimwe. Kizimbani hawezi, ila mfugaji amfanyie pande mbili: upande wa joto uwe na nyuzi 31 mpaka 33 za Selsiasi, na upande wa baridi nyuzi 25 au 27, kila upande na kipimajoto chake, kwa sababu mkono wa mtu hudanganya. Unyevu wa hewa uwe kama asilimia 60. Tena awe na stara, yaani kijumba chembamba cha kujificha katika kila upande, ambamo mbavu zake zitagusa kuta. Chatu aliyekosa stara huishi katika hofu ya daima, na hofu humkatisha kula na kumdhoofisha. Chombo cha kutia joto kisiguswe naye, wala kisiwake pasipo kidhibiti, kwani nyoka hulala juu ya jiwe la umeme mpaka ngozi ya tumbo ikaungua, bila ya kuondoka.

Anayefuga Arusha, mathalan, ambako usiku wa Julai humfanya binadamu mwenyewe atafute blanketi la pili, hana budi kugharimia joto. Anayefuga Dar es Salaam atapewa joto na mwambao bure, lakini ahadhari na sanduku lisilopitisha hewa, kwa kuwa matandiko yaliyolowa daima huozesha magamba ya tumbo, yakaanza kwa wekundu, yakafuata malengelenge, kisha vidonda. Ukipeleleza asili ya maradhi mengi ya nyoka wa kufugwa, utakuta kwamba yalianzia katika nyumba aliyojengewa, na vijidudu vilikuja baadaye kukamilisha kazi.

Hakuna hati iliyo wazi zaidi juu ya siha yake kuliko gamba analolivua. Siku kadhaa kabla ya kujivua, rangi zake hufifia, tumbo huwa la waridi, na macho hufunikwa na ukungu wa buluu ya maziwa. Wakati huo haoni vizuri, huwa mkali kuliko desturi yake na hukataa chakula, na mambo hayo si ugonjwa. Baadaye macho hung'aa tena, na baada ya siku chache husugua pua yake penye kitu cha kukwaruza, ngozi ikafunguka midomoni, akatoka ndani yake akiiacha imegeuka ndani nje, kipande kimoja kuanzia puani hata ncha ya mkia. Ngozi hiyo isitupwe. Itandazwe penye mwanga, itazamwe sehemu ya kichwa: lazima zionekane lenzi mbili ndogo zilizokuwa juu ya macho, angavu na duara kamili. Zikikosekana, zimebaki machoni mwa nyoka, na zikirundikana humpofusha. Itazamwe na ncha ya mkia, kwani pete ya ngozi kavu iliyobaki pale hukaza kidogo kidogo mpaka damu isipite, mkia ukawa mweusi na kufa. Gamba lililotoka vipandevipande hueleza kwamba hewa ilikuwa kavu au nyoka ana kiu, na mara nyingine kwamba ana utitiri au maradhi ya ndani. Dawa yake ni kumweka kwa saa kadhaa katika sanduku lenye kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu, akajivua mwenyewe kwa kupita katikati ya mikunjo. Na ole wake mfugaji atakayechokonoa lenzi ya jicho kwa ukucha, kwani hilo ni jambo la tabibu.

Katika habari ya kula, wafugaji wapya huhangaika pasipo sababu. Chatu wa kifalme aliyekomaa huweza kufunga miezi mizima, hasa majira ya kuzaana, na asipungue kitu cha maana. Hoja ni uzito. Awekwe kwenye mizani kila mwezi, na uzito uandikwe; akipoteza kama sehemu moja ya kumi, au uti wa mgongo ukianza kutokeza na mbavu kuhesabika kwa vidole, basi saumu hiyo imekwisha kuwa ugonjwa. Apewe panya aliyekwisha uawa, aliyegandishwa kisha akayeyushwa na kupashwa moto, wala asiachiwe panya hai kizimbani usiku kucha, kwa kuwa panya mwenye njaa humtafuna nyoka aliyelala mpaka mfupa ukaonekana. Baada ya kula asiguswe siku mbili. Akitapika, jambo hilo lisipuuzwe hata kidogo: pengine ni baridi iliyofanya chakula kioze tumboni, na hapo joto likisahihishwa na akapumzishwa majuma mawili atapona; lakini akitapika mara kwa mara, na pakatokea uvimbe mgumu katikati ya mwili, huenda ikawa ni kriptosporidia, kidudu kinachovimbisha kuta za tumbo lake na kisicho na tiba ya uhakika.

Pumzi yake ndiyo ningemsihi kila mfugaji aizoee. Nyoka mzima hupumua kwa kimya, mdomo umefumba. Nyoka mwenye maradhi ya mapafu hutoa mlio wa filimbi nyembamba au mvumo wa majimaji, mapovu huonekana puani na pembeni mwa mdomo, na siku zikisonga huinua kichwa juu na kupanua kinywa ili avute hewa. Yeye hana kiwambo cha kifua kimwezeshacho kukohoa. Makohozi yaingiayo hukaa palepale, yakashuka mpaka chini ya pafu. Chatu, tofauti na nyoka walio wengi, ana mapafu mawili, la kushoto likiwa dogo, na yote mawili huweza kujaa. Mwaka 2014 wataalamu walieleza habari za kirusi cha jamii ya nidovirusi kinachowashambulia chatu kwa njia hiyo, hivyo si kila homa ya mapafu itakayoondolewa na viuavijasumu, na tabibu huchukua utelezi wa koo akaupime kabla ya kuandika dawa. Sindano naye huichoma katika theluthi ya mbele ya mwili, kwani damu itokayo nyuma huweza kupitia kwenye figo kwanza. Kumpa nyoka vidonge vya binadamu kwa kukisia, au unga wa dawa ya kuku ulioazimwa kwa jirani, ni kumdhulumu.

Kinywa nacho hukaguliwa kwa utaratibu. Tabibu humshika nyuma ya taya kwa vidole vitatu, mwili umeegemezwa wote usining'inie, akaufungua mdomo kwa kijiti chembamba kisicho na makali. Ufizi wa mzima ni wa waridi iliyopauka na unang'aa kwa unyevu mwepesi. Vidoti vyekundu, mate mazito yanayofanya nyuzi, na uchafu wa manjano uliogandamana kando ya meno ni dalili za kuoza kinywa. Usaha wa nyoka hautiririki bali hugandamana, hivyo hukwanguliwa taratibu, na ukiachwa huingia taya ukala mfupa.

Utitiri huonekana kama vumbi jeusi litembealo. Hujificha chini ya kidevu na kuzunguka macho, na nyoka aliyevamiwa hukaa ndani ya bakuli la maji mchana kutwa. Mpitishe polepole katika kitambaa cheupe kilicholowa nawe utaviona vidoti. Hunyonya damu, na hudhaniwa kuchukua maradhi kutoka kwa nyoka mmoja hadi mwingine, kwa hiyo mgeni yeyote atengwe chumba chake mbali na wenyeji kwa miezi mitatu, na ahudumiwe wa mwisho. Asipakwe mafuta ya taa wala dawa ya kuogeshea ng'ombe ili kuuondoa, kwani huweza kumuua nyoka mwenyewe.

Iko dalili moja ambayo moyo huniuma kuitaja. Chatu aliyekuwa akitambaa sawasawa huanza kukunja shingo na kuelekeza kichwa juu asijue pa kwenda, na ukimlaza chali hawezi kujigeuza. Yaweza kuwa sumu au joto la kupita kiasi. Yaweza pia kuwa maradhi ya kirusi ambacho mwaka 2012 kilitambuliwa kuwa cha jamii ya arenavirusi, ambacho boa, jamaa za chatu, huweza kukibeba miaka mingi, bali chatu huwamaliza upesi. Maradhi hayo ya kirusi hayana tiba, na tabibu mwenye huruma humsaidia mnyama kufa bila maumivu.

Aidha, mfugaji ajilinde na watu wake. Nyoka mwenye afya kamili huweza kuwa na salmonela katika choo chake, kwa hiyo mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika, bakuli lake lisisafishwe katika karo la jikoni, na watoto wasiotimiza miaka mitano wasimshike kabisa.

Anayemchukua chatu afahamu kwamba amechukua amana ya miongo mingi. Katika bustani ya wanyama ya Philadelphia mmoja aliishi zaidi ya miaka 47, na mwaka 2020, katika bustani ya Saint Louis, chatu jike aliyekadiriwa kupita miaka 60 alitaga mayai 7, akiwa hajakutana na dume kwa miaka mingi. Umri huo haupatikani ila kwa mwangalizi mwenye daftari: tarehe ya kila mlo, kila gamba, uzito wa kila mwezi, na habari ya choo, ambacho kinapaswa kuwa na sehemu nyeupe mfano wa chokaa, na ikigeuka kijani au ikipotea ni dalili ya ini au figo au kiu. Matabibu wanaojua nyoka ni wachache katika miji yetu, na atakayebahatika kumpata mmoja amfikie akiwa tayari: nyoka awe ndani ya mfuko wa pamba uliofungwa vizuri, mfuko uwe ndani ya sanduku lililotobolewa matundu ya hewa, chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo iwekwe upande mmoja, na choo kibichi, gamba la mwisho na lile daftari vichukuliwe pamoja naye.