Mbio Ambazo Hakuna Anayempita Mwenzake

Wanachuo wenzangu, naanza na swali. Ungetoa nauli yako kwenda kutazama mbio ambazo tangu asubuhi kila mtu anajua nani atatangulia, nani atafuata na nani atakuwa wa mwisho? Na si mwaka huu tu, kila mwaka?

Mimi nilicheka. Nilikuwa Perugia, Italia, kwa muhula mmoja wa kubadilishana wanafunzi. Jamaa niliyekuwa naishi naye chumba kimoja alikuwa mwenyeji wa Gubbio, mji mdogo ulio karibu kilomita 40 kutoka hapo. Ilikuwa Mei, mitihani inanukia, kila mtu kajifungia na madaftari. Yeye akafunga vitabu, akatia begini suruali nyeupe na shati la njano, akaniambia, "Twende kwetu ukaone Ceri."

Nikamuuliza, "Nani atashinda?"

"Wa kwanza Ubaldo, wa pili Joji, wa tatu Antoni."

"Umejuaje?"

"Ndivyo ilivyo siku zote."

"Sasa mnakimbilia nini, kaka?"

Akasema nitaona mwenyewe.

Mji wenyewe

Gubbio uko mkoa wa Umbria, katikati ya Italia, na una watu wapatao 30,000. Nyumba zake za mawe ya kijivu zimepandana kwenye ubavu wa mlima Ingino, kiasi kwamba ukitoka mtaa wa chini kwenda wa juu unahema kama uliyekimbizwa. Ni mji wa kale haswa. Katika jumba lao kuu la karne ya 14, Palazzo dei Consoli, kuna mabamba 7 ya shaba yaliyoandikwa kwa Kiumbria, lugha iliyokufa zamani, yakieleza ibada za watu wa hapo kabla ya Ukristo.

Wenyeji wanajiita vichaa, tena kwa fahari. Kuna chemchemi mtaani. Ukiizunguka mara tatu na kurushiwa maji yake mbele ya mwenyeji, unaweza kupewa cheti cha kuwa kichaa wa Gubbio. Nilidhani ni utani wa kuwafurahisha watalii. Ilipofika tarehe 15 Mei nikaelewa kwamba jina hilo wamelitolea jasho.

Mishumaa isiyowaka

"Cero", ambalo wingi wake ni "ceri" na hutamkwa "cheri", maana yake ni mshumaa mkubwa. Lakini hivi si vya nta. Ni minara mitatu ya mbao, kila mmoja umeundwa kwa maumbo mawili ya pembe nane yaliyopandana, na juu kabisa inasimamishwa sanamu ya mtakatifu. Mnara mmoja unazidi urefu wa mita 4 na una uzito wa karibu kilo 300. Chini unafungwa kwenye machela ya mbao yenye umbo la herufi H, na hiyo machela ndiyo inayokaa mabegani mwa watu.

Kila mnara una mtakatifu wake na watu wake. Mtakatifu Ubaldo ni wa waashi, na wabebaji wake huvaa mashati ya njano. Mtakatifu Joji ni wa wafanyabiashara na mafundi, nao huvaa bluu. Mtakatifu Antoni Abate ni wa wakulima, wao ni weusi. Suruali ni nyeupe kwa wote, na kiunoni wanafunga kitambaa chekundu. Siku hizi huhitaji kuwa mwashi ili ubebe Ubaldo. Mara nyingi mtu hurithi mtakatifu wake nyumbani, kama baadhi yetu tulivyorithi Simba au Yanga.

Ubaldo ndiye mwenye sherehe. Alikuwa askofu wa mji huo, akafariki tarehe 16 Mei 1160, na watu wa Gubbio wanaamini aliwaokoa na maadui waliokuwa wameuzingira mji. Mwili wake uko kwenye kanisa lililo juu mlimani, na mbio hizo hufanyika mkesha wa sikukuu yake. Basi kama msafara ni wa kumpelekea heshima Ubaldo, nani atathubutu kumpita? Hapo nilianza kupata jibu la swali langu.

Siku yenyewe

Alfajiri ngoma zinapita mitaani kuwaamsha watu. Kuelekea saa sita mchana mji wote unasongamana kwenye uwanja mkuu, Piazza Grande. Minara inaletwa ikiwa imelazwa. Kiongozi wa kila kundi, anayeitwa capodieci, anapanda juu ya machela yake na mtungi wa udongo uliochorwa, anaumwagia mnara maji, kisha anaurusha mtungi juu, kwenye umati. Wakati huohuo mnara unanyanyuliwa ghafla na kusimama wima. Mtungi unapasuka na watu wanagombania vigae vyake kwa sababu wanasema vina bahati. Mimi nilipata mkwaruzo wa mkono, kigae sikupata.

Minara inauzunguka uwanja mara tatu kwa kasi, halafu inapita mitaani kuwasalimu watu. Mchana ni kula, samaki mkavu wa chumvi akiwa mezani. Saa kumi na mbili jioni, baada ya askofu kubariki, mbio zinaanza. Wanashuka, wanapinda kona nyembamba, wanapanda, halafu wanashika njia ya mlimani hadi kanisani. Kwa jumla ni karibu kilomita 4, na sehemu ya mwisho ni mlima mtupu. Jamani, nimeshaona watu wakikimbia, lakini sijawahi kuona jengo likikimbia. Unasikia kishindo cha miguu kabla hujaona kitu, kisha mnara unatokea konani ukiwa umeinama, nawe unajibana ukutani na kuomba Mungu.

Sasa wanashindania nini?

Hakuna kupita, lakini mashindano yapo. Kundi linajipima kwa namna lilivyobeba. Je, mnara ulisimama wima au uliinama? Ulianguka? Kuanguka hutokea, na aibu yake haisahauliki upesi. Je, mliwaachia wenzenu nafasi kubwa au waliwapumulia mgongoni? Na kule juu kuna jambo la mwisho: watu wa Ubaldo wakifika kanisani hujaribu kuufunga mlango kabla wa nyuma yao hawajaingia. Mabishano juu ya mlango huo yanaweza kuendelea mwaka mzima. Usiku sanamu za watakatifu hushushwa mjini kwa nyimbo, na minara inabaki kanisani hadi Jumapili ya kwanza ya Mei mwaka unaofuata.

Lakini mimi kilichonishika zaidi ni kingine: hakuna mtu anayebeba toka mwanzo hadi mwisho. Haiwezekani. Kwa kasi ile na uzito ule, bega linastahimili makumi machache tu ya mita. Kwa hiyo njiani wamejipanga wabebaji wengine, kila mmoja mahali pake. Mnara ukifika hausimami. Mpya anaanza kukimbia sambamba na yule aliyebeba, anaingiza bega lake chini ya mti, na wa zamani anachomoka pembeni. Kwa hatua kadhaa wanakimbia wawili pamoja. Hapo ndipo penye hatari: wa zamani akitoka mapema au mpya akichelewa, mnara unayumba na wote wanaumia.

Jamaa yangu alibeba kipande kifupi sana. Nilimwona akiingia, na kabla sijatoa simu vizuri alikuwa ameshatoka, kaegemea ukuta, analia. Nikamuuliza kama kaumia. Akasema hapana, bega alilolipokea lilikuwa la baba yake mdogo, na mwaka ule mzee alikuwa anaacha.

Utaratibu huo wanaufundisha mapema. Siku nyingine kuna Ceri za vijana, na tarehe 2 Juni kuna Ceri ndogo za watoto, zenye watakatifu walewale, rangi zilezile na mpangilio uleule. Ndiyo maana kitu hiki hakifi. Mwaka 1917 wanajeshi wa Gubbio walitengeneza Ceri zao na kuzikimbiza kwenye uwanja wa vita milimani. Waliohamia Marekani wanakimbiza zao hadi leo katika mji wa Jessup, Pennsylvania. Mwaka 2020 na 2021 mbio hazikufanyika kwa sababu ya korona; 2022 minara ikarudi mabegani.

Nilichokikuta niliporudi

Nieleze kwa nini nimeyaandika haya kwenye jarida la wanafunzi. Kabla sijaondoka nilikuwa katibu wa klabu moja ya midahalo hapa chuoni. Tulikuwa na wanachama zaidi ya thelathini, na kila Alhamisi jioni tulijaza chumba. Niliondoka nikiwa na daftari la kumbukumbu begini, namba za walezi kwenye simu yangu na nywila ya barua pepe kichwani. Sikumwachia mtu chochote. Nilijiambia watajipanga tu.

Niliporudi klabu haikuwepo. Mwaka wa kwanza hawajawahi hata kusikia jina lake. Nilitafuta wa kumlaumu, nikataka kusema uongozi, nikataka kusema bumu limechelewa na watu wamekata tamaa. Lakini nikikumbuka yule jamaa na baba yake mdogo wakikimbia bega kwa bega, najua nani alitoka mapema.

Sasa tumeianza upya, tuko saba. Naibu katibu ni dada wa mwaka wa kwanza, na barua zote tunaziandika pamoja ingawa ningeziandika peke yangu kwa nusu ya muda. Ninyi viongozi wa mwaka wa tatu, kabla hamjavaa majoho, tafuteni wa kuingiza bega wakati nanyi bado mmebeba. Msingoje siku ya kukabidhi ofisi. Siku ile huwa ni ya picha na soda tu.