Nusu Ekari Si Hatua 35 kwa 35

Anayekodisha shamba la mahindi Ufipa, iwe kandokando ya mji wa Sumbawanga au njia ya Laela, mara nyingi hahangaiki na futi kamba. Hupiga hatua 70, akakata kona, akapiga 70 nyingine, na hiyo ndiyo ekari. Hatua huhesabiwa kama yadi moja, karibu sentimita 91. Ekari kamili ni yadi za mraba 4,840, na 70 × 70 ni 4,900, hivyo anayekodi huambulia nyongeza kidogo, ilimradi mpimaji asiwe mfupi.

Kwa mkato, 70 × 70 huandikwa 70². Ile 2 ndogo ni kipeo. Haisemi 70 mara 2. Inasema 70 ijizidishe yenyewe. Hapa ndipo watu wanapopunjwa. Mtu akitaka nusu ekari ya mraba, hatua hukatwa nusu: 35 kwa 35. Lakini 35² ni 1,225, yaani robo. Chora mraba chini kwa kijiti, upitishe mstari katikati kwa urefu na kwa upana, uhesabu vyumba: ni vinne. Aliyelipia nusu kapewa robo, na pengine aliyempunja hana habari.

Nusu ya 4,900 ni 2,450. Upande wake ni hatua ngapi? Kuuliza hivyo ni kutafuta kipeuo cha pili: namba ipi ikijizidisha yenyewe inatoa 2,450? 49 × 49 ni 2,401, haijafika. 50 × 50 ni 2,500, imepita. Jibu ni karibu 49.5, nasi huandika √2,450 kwa alama iliyoonekana katika kitabu cha Mjerumani Christoff Rudolff mwaka 1525. Asiyetaka taabu hiyo apime 70 kwa 35, ni nusu ileile.

Sasa chukua robo mbili: 2 × 35². Waliosoma shule ya msingi Tanzania watakimbilia MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kipeo hakimo! Ukianza na 2 × 35 utapata 70², ekari nzima, wakati shamba ni nusu. Kipeo ni cha namba iliyokibeba tu, kwa hiyo 35² kwanza, kisha mara 2: 2,450. Vipeo na vipeuo hukaa mara tu baada ya mabano.

Mimi MAGAZIJUTO naipenda, ila ikifuatwa herufi kwa herufi inapotosha. Una magunia 12, unauza 5, unaletewa 3: 12 − 5 + 3. Ukitanguliza JU, 5 + 3 ni 8, unabaki na 4. Stoo yako ina 10. Kujumlisha na kutoa ni cheo kimoja, kugawanya na kuzidisha vilevile. Kinachotangulia kushoto ndicho huanza.

Kikokotoo cha bei nafuu cha dukani hakifuati vyeo hivi. Tuseme nauli ya mzigo ni shilingi 40,000 na mifuko 3 ya mbolea ni 70,000 kila mmoja. Bonyeza 40,000 + 3 × 70,000: cha simu kitakupa 250,000, cha dukani 2,800,210,000. Kwenye hicho cha dukani, zidisha mifuko kwanza, nauli iongezwe mwisho.