Mlo wa Paka na Mbwa Katika Kaya: Kwa Nini Sahani Moja Haiwatoshelezi Wote Wawili

Makala haya yanafafanua namna ya kuchagua mlo wa paka na mbwa katika kaya zinazowalisha mabaki ya jikoni, aghalabu ugali uliochanganywa na mchuzi au dagaa. Hoja inayotetewa ni kwamba kigezo cha uchaguzi kisiwe hamu ya mnyama wala wingi wa chakula, bali virutubishi ambavyo mwili wake hauwezi kujitengenezea.

Kwa kigezo hiki, paka ni mla nyama wa lazima. Hawezi kubadili rangi ya njano iliyomo katika mboga na karoti kuwa vitamini A kama afanyavyo mbwa, hivyo huihitaji ikiwa tayari, kwa mfano kutoka katika ini. Muhimu zaidi ni taurini, kiini kinachopatikana katika nyama na samaki lakini si katika nafaka. Paka hutengeneza kiasi kidogo mno cha kiini hicho, ilhali hukipoteza kila siku kupitia nyongo. Mwaka 1975 ilibainika kuwa upungufu wa taurini huharibu retina ya paka. Mwaka 1987, Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionesha kuwa upungufu huohuo hutanua moyo na kuudhoofisha. Paka waliochunguzwa walikuwa wakilishwa vyakula vya kiwandani, na watengenezaji wakalazimika kuongeza taurini. Moyo uliotanuka uliweza kupata nafuu baada ya kupewa kiini hicho. Retina iliyokwisha kufa hairudi. Kwa kuwa madhara huchukua miezi mingi kujitokeza, mwenye paka huona mnyama aliyeshiba na kudhani kwamba amelishwa.

Mbwa ana nafasi pana zaidi. Utafiti wa mwaka 2013 uliolinganisha jeni za mbwa na za mbwamwitu ulionesha kuwa mbwa ana nakala nyingi zaidi za jeni ya kimeng'enya kinachosaga wanga, dalili ya maisha marefu kando ya binadamu na nafaka zake. Ugali, basi, si chakula kigeni kwake, mradi aongezewe protini, mafuta na kalisi. Nyama tupu nayo haimtoshi, kwani ina kalisi kidogo mno, na mtoto wa mbwa anayeilishwa peke yake hupata mifupa dhaifu. Mifupa iliyopikwa si suluhisho. Huvunjika vipande vikali vinavyoweza kutoboa utumbo.

Hatari kubwa kwa mbwa, kwa maoni ya mwandishi, ni mazoea ya kumpa mahindi yaliyoota ukungu kwa sababu hayafai kwa watu. Sumukuvu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 humuua mbwa pia kwa kuharibu ini, na kupika hakuiondoi. Mwishoni mwa mwaka 2005, mbwa wengi walikufa Marekani kwa chakula cha kiwandani chenye mahindi ya namna hiyo.

Mabaki ya pilau na mchuzi yana tatizo jingine, nalo ni vitunguu. Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu za wanyama wote wawili, na paka huathirika zaidi. (Maziwa, ambayo picha za vitabu vya watoto humpa paka kila mara, humharisha paka mkubwa mara nyingi.)

Kaya isiyomudu chakula cha makopo inaweza kutenga dagaa waliochemshwa kabla ya kutia kitunguu na chumvi. Dagaa wazima huliwa pamoja na mifupa yao laini, hivyo huleta kalisi. Wapikwe, kwa kuwa baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Maji ya kuchemshia yasimwagwe, kwani taurini huyeyukia humo. Dagaa hao, pamoja na moyo wa kuku na kipande kidogo cha ini mara moja moja, wawe chakula cha paka; ugali ubaki kwa mbwa, naye atiliwe dagaa kiasi.