Dende akikataa kula, tumwangalie meno kwanza

"Dende yangu iko na njala, inakimbia ku majani, inatia mu kinywa, kisha inaangusha." Maneno kama haya tunayasikia mara nyingi tunapopita katika vikundi vya Walungu na Kabare. Mwenye kusema anafikiri ni minyoo, au sumu, au jirani mwenye wivu. Sisi tunamwomba atuletee huyo dende, tunampangusa kidevu kwa kidole. Kidole kikitoka na mate, tunaanza kuwaza meno.

Ndugu wanachama, hatuna haja ya kuwaeleza dende ni nini katika nyumba. Tangu vita vya 1996 na vile vilivyofuata, familia nyingi za Kivu ya Kusini zilipoteza ng'ombe na mbuzi, na mnyama aliyebaki ni yule anayeweza kufichwa chini ya kitanda au kubebwa ndani ya kitunga mtu anapokimbia. Mara nyingi ni mali ya mama na watoto: leo anauzwa mmoja kwa ajili ya daftari na chumvi, kesho wawili kwa kuongezea minervale. Jike anabeba mimba siku 68 hivi na kuzaa watoto 2 mpaka 4. Kwa hiyo jike mmoja akifa kwa njaa huku majani yako mbele yake, hasara si ya nyama ya siku moja.

Dende ana meno 20. Manne ya mbele ndiyo tunayoyaona, mawili juu na mawili chini, meupe. Yale mengine 16 yako nyuma kabisa, ndani ya mashavu, na kinywa chake ni chembamba hata huwezi kuyaona kwa macho tu. Meno yote haya, ya mbele na ya nyuma, yanakua maisha yote, kama kucha. Kinachoyapunguza ni kutafuna. Majani magumu kama matete, Guatemala na setaria yana kitu ndani yake kinachosugua kama mchanga mwembamba sana, na dende anapoyasaga saa nyingi kwa siku, meno yanalika sawasawa. Mnyama anayeshibishwa mabaki ya bugali, pumba na maganda laini ya ndizi hatafuni vya kutosha. Meno ya nyuma yanarefuka. Ya chini yanainama kuelekea ulimi na siku moja yanaufunga kama daraja. Ya juu yanachoma mashavu. Hapo dende anataka kula, lakini hawezi kumeza.

Ndiyo maana tunasema: msidanganyike na meno ya mbele. Watu wengi wanafungua midomo, wanaona meno ya mbele ni mazuri, wanasema "meno haina shida". Shida kubwa iko nyuma. Meno ya mbele yanaweza kutoa alama tu: yakiwa yamekatika mshazari, upande mmoja juu na mwingine chini, jueni anatafuna upande mmoja. Meno ya chini kuwa marefu kuliko ya juu, hiyo ni kawaida, msiogope. Na jino la mbele likivunjika kwa kuanguka, mara nyingi linaota tena ndani ya wiki mbili au tatu. Mkatieni majani vipande vidogo kwa muda huo.

Alama zingine ni hizi: kidevu na shingo vimelowa, mavi yamekuwa madogo na machache, jicho moja linatoa machozi, anachagua vitu laini na kuacha majani marefu. Alama ya kwanza kabisa lakini ni uzito, na hiyo haionekani kwa macho kwa sababu manyoya yanaficha. Kikundi chenye balansi ndogo ya jikoni kiwapime dende wake kila wiki, siku ileile. Dende wa gramu 600 akipoteza gramu 60, huyo ni mgonjwa, hata kama bado anapiga kelele ukiingia jikoni.

Sababu nyingine iko ndani ya damu. Dende, kama mtu, hawezi kujitengenezea vitamini C. Lazima aile kila siku, kwa sababu haihifadhi mwilini. Akiikosa kwa wiki kadhaa, ufizi unavimba na kutoa damu, meno yanalegea na kukaa vibaya, viungo vinauma, anakaa amejikunja. Mzima anahitaji miligramu 10 mpaka 20 kwa siku kwa kila kilo ya mwili, jike mwenye mimba kama 30. Kipande cha pera kilichoiva, cha gramu 10 tu, kinatosha dende mmoja. Lengalenga mbichi na matembele mabichi vinasaidia pia. Majani yaliyokaushwa juani yamepoteza karibu vitamini yote, na hapo ndipo kiangazi kinatuumiza: Juni mpaka Agosti majani mabichi yanapungua, watu wanajaza pumba, na mnyama anapata mabaya yote mawili, chakula laini na bila vitamini.

Sasa, mgonjwa yuko mbele yenu. Fanyeni nini?

Msingoje. Tumbo la dende halijazoea kusimama. Akikaa siku moja bila chakula, matumbo yanalala na gesi inajaa, na mara nyingi hiyo ndiyo inamwua kabla ya jino. Twangeni katika kinu majani mabichi ya kila siku pamoja na lengalenga, ongezeni pumba kidogo na maji safi, mpaka iwe uji unaopita katika sindano isiyo na ncha, ile ya plastiki ya farmasi. Mfungeni mnyama ndani ya kitambaa, miguu ikae chini, asilazwe mgongo. Ingizeni sindano pembeni, nyuma ya meno ya mbele, mkatoe kidogo kidogo, kama mililita 1, mngojee atafune na ameze. Mkisukuma kwa haraka uji unaingia katika mapafu, na hiyo haina dawa. Dende wa gramu 600 anahitaji kama mililita 40 kwa siku, zigawanywe mara tano au sita. Ni kazi, tunajua, na mama mwenye shamba hana saa hizo zote. Watoto wakubwa wanaifanya vizuri wakionyeshwa.

Kwa vitamini, kidonge cha miligramu 500 kinasagwa ndani ya mililita 10 za maji. Mpe mililita 1 kwa siku mgonjwa. Maji hayo yasihifadhiwe mpaka kesho, nguvu yake inakwisha. Kuyamwaga katika chombo cha kunywea ni kupoteza kidonge.

Na kuna mambo mawili tunayoomba msiyafanye. La kwanza ni kukata meno kwa pensi au mkasi wa kucha. Jino linapasuka kwa urefu mpaka kwenye mzizi, usaha unaingia. La pili ni kumpa vidonge vya ampisilini, amoksisilini au penisilini vilivyobaki nyumbani. Kwa mtu ni dawa; kwa dende vinaua vijidudu vizuri vya tumboni, anaharisha na kufa kwa siku chache. Ukiona uvimbe chini ya taya au shingoni, mtenge na wengine na muite veterineri, kwa maana jipu la shingo linaweza kuambukiza boma zima.

Tuseme ukweli pia. Kusugua meno ya nyuma kunahitaji kumlaza mnyama usingizi, vyombo maalum na taa, na meno yanarudi kurefuka baada ya wiki chache. Vijijini kwetu hakuna wa kuifanya. Dende aliyekosa vitamini au kuvunja jino anapona kwa uji na pera. Ukimlisha siku saba mpaka kumi na bado hawezi kutafuna mwenyewe, tunaona ni afadhali kumchinja angali na nyama kuliko kumwacha akonde mpaka mwisho. Kama hana jipu na hakupewa dawa, nyama yake ikiivishwa vizuri inalika.

Lililo gumu zaidi tumeliona katika kikundi kimoja cha Walungu, kuhusu dume. Alikuwa mkubwa, zaidi ya kilo moja, na alikuwa akizungushwa nyumba kwa nyumba kupanda majike. Akaanza kutoa mate. Uji ukamrudisha, akaanguka tena, mara mbili. Wazee wa komite walitaka aendelee, kwa sababu ya ukubwa wake. Mama mtunza kitabu akafungua daftari: watoto wake watatu, kwa mama wawili tofauti, walikuwa wamepungua uzito kabla ya miezi sita, nao videvu vimelowa. Meno yaliyopinda yanaweza kurithiwa. Majadiliano yalichukua mchana wote, na si bila hasira, kwa sababu nyumba tatu zilikuwa bado zinangoja zamu yao. Mwishoni dume alitolewa katika uzazi, na kikundi kikabadilishana na kikundi cha kilima cha pili: jike wawili kwa dume mmoja asiye wa ukoo uleule. Zile nyumba tatu zikawekwa za kwanza kwenye orodha mpya.

Vikundi vingine vinaweza kufanya hivyo, ila vinahitaji daftari. Nguzo nne zinatosha: namba ya mnyama, baba, mama, uzito wa kila wiki. Mwezi ujao wahamasishaji wetu watapita na vipandikizi vya Guatemala kwa wale wasio nayo kwenye mistari ya kuzuia mmomonyoko. Ipandwe mvua zingali zipo, mita chache karibu na jikoni, na mti mmoja wa pera pembeni. Mti wa avoka usihesabiwe: majani yake ni sumu kwa dende.