Mnyama Mwitu na Mnyama Huru: Istilahi za Fiziolojia ya Nyikani

Hivi karibuni niliombwa kupitia, kwa upande wa istilahi, mswada wa kijitabu kilichotafsiriwa kwa ajili ya askari wa wanyamapori. Katika ukurasa mmoja mfasiri aliandika kuwa mnyama akifukuzwa muda mrefu kabla ya kupigwa sindano ya usingizi "hupata homa". Sentensi ni nyepesi, nayo inasomeka vizuri. Kwa bahati mbaya yaweza kumwua mnyama.

Homa ni hali ambayo mwili wenyewe huinua kiwango cha joto unachokilinda, kwa kawaida ili kupambana na vijidudu. Mnyama aliyefukuzwa hana hali hiyo. Misuli yake imezalisha joto jingi kuliko mwili unavyoweza kulitoa, basi. Huyu ahitaji kivuli, amwagiwe maji, na mbio zikomeshwe mara moja; tena hata akiinuka na kwenda zake, misuli iliyoharibika yaweza kumwangusha siku kadhaa baadaye. Askari aliyesoma neno "homa" atafikiri juu ya ugonjwa na dawa. Kwa hiyo nimependekeza kifungu "kuzidiwa na joto". Wako wanaotaka neno moja lililoundwa upya, lakini sioni faida ya kuunda neno gumu mahali ambapo lugha ya kila siku imekwisha kusema.

Kosa hilo lilinifanya nitazame kwa makini zaidi istilahi za taaluma hii nzima, yaani uchunguzi wa jinsi miili ya wanyama inavyofanya kazi wakiwa katika makao yao ya asili. Jina la taaluma lenyewe halitusumbui sana. Baadhi ya waandishi hutumia "elimu ya viungo", lakini neno "viungo" limekwisha kubeba mizigo mingi: viungo vya mwili, viungo vya mchuzi, na mazoezi ya viungo shuleni. Aidha, jina hilo halitofautishi muundo wa kiungo na kazi yake. Heri tubaki na "fiziolojia" kwa kazi na "anatomia" kwa muundo.

Ugumu uko kwenye neno "mwitu". Tunaposema "mnyama mwitu" twataja aina yake, si hali anayoishi. Duma aliyefungiwa katika kizimba ni mnyama mwitu sawasawa na yule aliye mbugani. Lakini kwa mwanafiziolojia tofauti ya hao wawili ndiyo kiini cha jambo, kama mfano ufuatao unavyoonyesha.

Mwaka 1973 Taylor na Rowntree walichapisha matokeo ya kuwakimbiza duma juu ya mkanda wa mashine unaozunguka chini ya miguu. Walipopimwa, duma walikataa kuendelea kukimbia joto la mwili lilipofikia kiasi cha nyuzi 40.5 za Selsiasi. Kutokana na hayo ikaenea fikra kwamba duma huacha kumfukuza swala kwa sababu amezidiwa na joto. Fikra hiyo ilirudiwa katika vitabu kwa miaka mingi. Mwaka 2013 Robyn Hetem na wenzake walitoa taarifa ya duma waliokuwa wakijiwindia wenyewe nchini Namibia, wakiwa na vyombo vya kupimia joto ndani ya miili yao. Mwishoni mwa mawindo, joto lao lilikuwa wastani wa nyuzi 38.4 tu, wawe wamepata au wamekosa. Hawakuwa wameacha kwa ajili ya joto. Lililowashangaza watafiti ni kwamba joto lilipanda baada ya windo kwisha, nyuzi 1.3 kwa aliyeua na 0.5 kwa aliyekosa, ingawa mbio zao zililingana. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba duma mwenye nyama hukaa kwa wasiwasi, akichelea kunyang'anywa na wanyama wenye nguvu kuliko yeye.

Kwa mtazamo wa istilahi, taarifa hii yatudai mambo mawili. Kwanza, twahitaji neno la kumtaja mnyama anayejitafutia chakula, maji na kivuli kwa hiari yake. Napendekeza "mnyama huru", na kinyume chake "mnyama mfungwa". Mwalimu ataweza kusema bila kigugumizi kwamba matokeo ya 1973 yalihusu duma wafungwa na yale ya 2013 duma huru, na wote ni wanyama mwitu. Pili, joto la duma mwenye wasiwasi si homa wala si joto la mbio. Tuliite "joto la hofu". Mfasiri wa kile kijitabu angelihitaji pia, kwa maana mnyama aliyenaswa wavuni hupandwa na joto hata kama hakukimbia hatua kumi.

Vyombo navyo vyataka majina. "Kipimajoto" hutupatia joto la wakati ule kinaposomwa. Kile kinachokaa ndani ya mnyama miezi mingi kikiweka kumbukumbu peke yake ni chombo kingine, nami naona "kinasajoto" lafaa, kwa mfano wa "kinasa sauti" kilichokwisha kuzoeleka.

Ila sijaridhika na kitenzi. Wengi huandika kuwa kinasajoto "hupandikizwa". Kupandikiza, kwa mche wa mpunga au kwa figo, kwamaanisha kuwa kilichohamishwa kitashika na kuishi mahali papya. Kinasajoto hakiishi, na baadaye hutolewa. Kwa sasa naandika "kuwekwa mwilini kwa upasuaji", nikijua kuwa ni refu. Wasomaji walio karibu na madaktari wa mifugo waombwa kutuletea neno linalotumiwa huko.